Mbuzi wa Kumuoa Kavira

Ukienda kutafuta mbuzi wa mahari, usianze na pembe. Pembe humfurahisha mjinga. Inama ushike kiwele, uone kama chuchu zote mbili ni laini na zimelingana. Mfungue mdomo utazame meno ya chini. Kisha mtembeze juu ya mawe, kwa sababu mbuzi mwenye kwato mbovu husimama vizuri sana akiwa kwenye majani. Mwisho muulize anayemuuza kama amekwisha kuzaa. Akikujibu kwamba atazaa tu, mshukuru uende zako. Mbuzi wa mahari ni jike aliyezaa mara moja na kumnyonyesha mtoto wake mpaka akaacha mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu sijaota ndevu mpaka magoti yaliponikatalia kupanda vilima vya Lubero, na leo nawafundisha ninyi vijana, ambao sioni hata mmoja atakayenunua.

Msinikasirikie. Juzi msichana wa jirani yangu hapa mtaani kwetu Bulengera ameposwa, nikamuuliza mbuzi watakuja lini. Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Vieux, bilishaingia mu téléphone ya papa," akasema.

Mbuzi wote, wa baba, wa shangazi, wa mjomba, walikuwa wameingia ndani ya simu kwa mlio mmoja mdogo, na mama yake yuko shambani hajui hata kwamba binti yake amekwisha kutolewa mahari. Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Jina langu ni Kakule, lakini sokoni Butembo waliniita Papa Mbuzi, na kuna watu tumejuana maisha mazima hawalijui jina langu la kweli. Kazi nilifundishwa na Mzee Paluku, mtu mfupi mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliniambia mvua ya Butembo haibishi hodi. Alikuwa mkali, alikuwa mchoyo wa chumvi, na alikuwa na amri moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa kwayo. Mbuzi wa mahari hauzwi kwa mtu aliyekuja peke yake.

Nakumbuka alikuja kijana mmoja mfanyabiashara kutoka Beni, viatu vinang'aa katikati ya matope yetu, akataka kununua mbuzi wake wote siku ile ile. Mzee Paluku aliendelea kumkamua jike mmoja kana kwamba hakusikia.

"Baba yako iko wapi?" akauliza baadaye.

"Iko Beni, iko na kazi. Mais franga niko nayo, Mzee," akajibu, akipiga mfuko wake wa pesa.

"Franga sikukuuliza. Na baba mudogo?"

"Sikumuambia."

"Bon. Na siku bibi yako atakukimbia, utakuya kulilia kwangu mu soko? Enda ulete batu benye utalilia kwabo."

Kijana aliondoka akitukana. Baadaye alirudi, safari hii na baba yake, na baba zake wadogo, na nyanya yao mzee waliyemkalisha juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kama gunia la viazi. Nyanya yule ndiye aliyechagua mbuzi. Alimshika kila mmoja kiwele, akanusa vidole vyake, akasema huyu ndiyo, huyu hapana. Mzee Paluku alimuuzia bila kubishana hata kidogo, na wote wakaondoka wakiimba wimbo wa kanisa, mbuzi nao wakilia juu ya sauti zao.

Mimi nilidhani ni ubishi wa uzee. Ilinichukua muda kuelewa. Zamani mwanamume hakuwa na mbuzi wake wa kuolea. Baba alitoa wake, mjomba alitoa wake, kaka aliyetangulia kuoa alitoa mmoja, na kila aliyetoa mbuzi alikuwa na neno ndani ya nyumba ile. Mume akimpiga mke wake, walikuja kumuuliza kama mbuzi wao waliwatoa ili ajifunzie ngumi. Upande wa mke vivyo hivyo. Shangazi alikuwa na mbuzi wake, mjomba alikuwa na wake, na wengine walibaki zizini wakazaa, wakasaidia kumuolea kaka wa yule msichana. Kwa hiyo mke akifunga virago vyake asubuhi kwa sababu ya hasira, kabla hajafika njia kubwa walikuwa wamekwisha kumzuia watu wa vijiji vitatu. Ninyi mtasema hiyo ni jela. Pengine. Lakini hakuna aliyekuwa analia peke yake ndani ya jela ile.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa fundi tangu mwanzo. Mwaka wangu wa kwanza wa kwenda vilimani bila Mzee Paluku nilinunua jike mmoja mwenye tumbo kubwa, nikawaambia wenye arusi ni mjamzito, wapate wawili kwa bei ya mmoja. Wakafurahi, wakampeleka kwa mjomba wa bibi arusi, mtu mzito wa kanisa. Basi wakati mchungaji anaomba, watu wamefunga macho, yule mbuzi akaanza kujamba. Alijamba wakati wa shukrani, akajamba wakati wa kuwaombea wasafiri, na kila akijamba tumbo linapungua. Tulipofika amina alikuwa mwembamba kama mimi. Alikuwa amekula majani ya maharagwe yenye umande, amejaa upepo tu. Mjomba alinitazama tu, na Mzee Paluku, aliyealikwa pia, alicheka mpaka akakaa chini na koti lake la mvua. Tangu siku ile, mbuzi mwenye tumbo namlaza upande na kuweka mkono wangu chini ya ubavu mpaka kitoto kinipige teke. Kama hakuna teke, hakuna mimba.

Basi zikaja bahasha za pesa. Watu wakasema mbuzi wananuka, mbuzi wanachafua gari, afadhali thamani yao. Nikasema sawa. Halafu wakaja wenye kamera. Mahari imekwisha kulipwa kwenye bahasha, lakini video bila mbuzi haina ladha, hasa kwa ndugu walioko Ulaya. Wakaanza kunijia: "Papa Mbuzi, tukopeshe mbuzi yako, tunaipiga picha tu, magaribi tunairudisha." Niliwakodisha, msinitazame hivyo, nilikuwa na watoto wa kulisha. Miaka ya mwisho nilikodisha kuliko nilivyouza. Nilikuwa na jike mmoja mweupe aliyevishwa utepe kwenye arusi nyingi hata akawa anainua shingo mwenyewe akiuona. Bwana arusi mmoja alikuwa Kampala, akahudhuria mahari yake kwa simu, akaniamuru nimgeuze yule kondoo amwone upande wa pili. Hapakuwa na kondoo mahali pale.

Na wale waliokosa hata bahasha wakaingia kwenye ile ndoa ambayo wanajeshi walituletea jina lake kwa Kilingala, yaka tofanda, njoo tukae. Hakuna mzee anayejua, hakuna mchungaji anayejua, msichana anahama na beseni lake na godoro, imekwisha. Asubuhi ukimuuliza umeolewa, anakujibu ninakaa. Nilikuwa nikiwasema sana wale wasichana. Nilikuwa na mdomo mrefu kabla Kavira hajawa mmoja wao.

Kavira ni binti yangu wa mwisho. Mama yake alifariki Kavira akiwa bado shuleni, kwa hiyo nilimlea mimi na mbuzi. Alipokuwa mkubwa alishuka Beni kuuza vitenge, akasema joto la kule linamfaa, Butembo ukungu unamtia kikohozi. Huko akakutana na Trésor, kijana aliyekuwa anapima kakao kwenye depo ya tajiri mmoja. Nilipata habari kwamba wanakaa pamoja nilipoambiwa kwamba nina mjukuu. Jina lake Neema.

Nilishuka Beni na fimbo, kwa kweli nilikwenda kumpiga mtu. Trésor akanipokea mlangoni, akaniletea maji ya kunawa kwa mikono miwili, akasubiri nimalize kula ndipo akapiga magoti.

"Papa, najua niko na deni ya heshima kwako," akasema. "Mais kule kwetu hakuna mutu."

Akanieleza. Kwao ni kijiji cha upande wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Wauaji wa porini waliwakuta shambani, wakamuua baba yake na kaka zake, na mbuzi waliokuwa wamewekwa kwa ajili ya yeye kuoa wakafukuzwa kwenda msituni pamoja na vitu vingine. Wajomba walitawanyika, mmoja Bunia, mwingine hakuna anayejua. Alibaki shangazi yake mmoja tu, Mama Kahindo, aliyekataa kuondoka kijijini. Fimbo yangu ilikuwa imelala chini kando ya mguu wangu, nikaona aibu kuiokota.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu imekufa. Si kwa sababu ya simu, wala kamera. Upande ule wa Beni wamekufa wale watu wenyewe ambao walikuwa watoe mbuzi. Kijana anakuja peke yake kwa sababu yuko peke yake. Mzee Paluku angemwambia nini?

Nilimpenda yule kijana. Nasema wazi. Alikuwa akimvalisha Neema soksi yeye mwenyewe, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa mtoto wangu yeyote. Na Kavira alikuwa amenenepa, alikuwa anacheka. Nikataka wawe mume na mke mbele ya watu, nife nikijua binti yangu si mtu wa kukaa tu. Kaka yangu mkubwa, Kasereka, ndiye kichwa cha familia yetu, na yeye alikuwa amesema neno moja: bila mbuzi na bila wakwe, hakuna ndoa, na mtoto ni wetu.

Basi nikafanya kitu ambacho nadhani hakuna mfanyabiashara wa mbuzi aliyewahi kukifanya. Nilikuwa nimebakiza majike wachache nyuma ya nyumba yangu, wazuri wote, wa mwisho wa kazi yangu. Nikawapeleka kwa rafiki upande wa pili wa mji, nikamwambia Trésor aje awachukue kule, anitolee mimi mahari ya mbuzi wangu mwenyewe. Kavira alipojua aliniambia kwa simu, "Papa, acha. Tuko bazuri hivi." Nikamwambia mambo haya si ya watoto.

Tatizo la pili lilikuwa wakwe. Trésor akaleta wenzake wa depo, na mwalimu mmoja kutoka Kasai aliyetumwa na serikali kufundisha Beni, jirani yake, mtu mwenye mvi kidogo na suti. Mwalimu ndiye aliyekuwa baba. Nilimfundisha nyumbani kwangu jinsi ya kukaa, jinsi ya kupokea kikombe, lini akohoe. Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba Kasereka atamsalimu kwa Kinande, lugha yetu, ambayo mtu wa Kasai haijui.

Siku ya mahari, uwanjani kwangu, Kasereka akamsalimu, salamu ndefu, ya kuuliza watoto na mashamba na afya ya walio kilimani. Mwalimu alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akajibu: "Amen."

Dada zangu walitazamana. Nikasema haraka kwamba mkwe ameokoka sana. Kasereka akaomba mbuzi waonyeshwe.

Ninyi hamjui mbuzi, niwaambie. Mbuzi ukimhamisha kidogo, hasahau alikozoea kulala. Walipofunguliwa kamba katikati ya uwanja ili wazee wawaone, hawakusimama kuonwa. Walizunguka nyumba kwa mstari mmoja, yule mweupe mbele, akasukuma mlango wa zizi kwa kichwa kama alivyozoea, na kila mmoja akaenda mahali pake. Kasereka alinyanyuka, akawafuata polepole na fimbo yake. Nilimwona akichungulia zizini. Aliwakuta wamelala, wanacheua.

Alirudi akakaa. Hakupaza sauti.

"Kakule, hii mbuzi ni ya nani?"

"Ni ya bakwe, yaya," nikamwambia kaka yangu.

"Kakule."

Nikageuka nikatazama zizi.

"Unaolea mutoto yako weye mwenyewe? Unajipatia mali kwa mukono ya kuume, unaipokea na ya kushoto?" Akamgeukia mwalimu. "Papa, miye sina kisirani na weye. Mais siku itakuya shida mu nyumba ya hawa batoto, tutaenda kwa nani? Tutaenda ku depo ya kakao?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alitaka kusaidia tu. Hakuna aliyecheka. Nawaambia ukweli, maneno ya Kasereka yalikuwa yale yale ya Mzee Paluku. Nilimchukia siku ile, na hata leo nikimwona anakuja njiani najifanya nina kazi zizini.

Trésor ndiye aliyesimama. Alisema, "Nitabaleta. Ya kwetu. Shangazi iko na mbuzi." Kavira alitoka jikoni na mwiko mkononi, mbele ya wazee wote, akamwambia abaki, barabara ya Mutwanga ni mbaya, wasafiri wanauawa, wao walikuwa wanakaa vizuri bila mbuzi. Akamshika shati. Trésor aliutoa mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala. Alikuwa ameaibika sana mbele yetu, na kijana aliyeaibika hasikii.

Alifika kwa shangazi yake, hilo tunalijua. Mama Kahindo alimpa mbuzi wote aliokuwa nao. Mwenye pikipiki aliyempeleka alikataa kuwabeba wote, mmoja akabaki kwa siku nyingine. Wakarudi, na njiani kabla ya kufika njia kubwa walikutana na wale wauaji wa porini. Yeye na mwenye pikipiki walizikwa hapo hapo na watu waliokuwa wanakimbia, haraka, bila sanduku. Habari ilitufikia kwa simu ya mtu tusiyemjua. Kavira alikuwa anamwogesha Neema, na alimaliza kumwogesha, akamfuta, akampaka mafuta, ndipo akaanguka.

Nilimleta Butembo. Alikaa juu ya mkeka sebuleni kwangu, akafunga kitambaa cheusi, akingoja watu waje kumlilia mume wake pamoja naye. Wamama wa kanisa walikuja, sitawasingizia, walileta maharagwe na kuni. Lakini walikaa kwenye viti. Mkubwa wao, mwanamke mwema aliyemfundisha Kavira Biblia akiwa mdogo, alimshika bega akamwambia:

"Mama Neema, tutakuombea sana. Mais kulala ku mukeka na kukaa matanga, ile ni ya bibi wa ndoa. Tukiifanya kwako, batoto bengine ba hapa batasema nini?"

Waliimba nyimbo mbili wakaondoka. Kavira alibaki peke yake juu ya mkeka. Mimi nilikaa naye, lakini baba wa mwanamke hajui namna ya kukaa matanga ya mkwewe, hakuna aliyetufundisha. Nilikaa tu. Jioni alikunja mkeka mwenyewe, akavua kile kitambaa, akaniuliza nitakula nini.

Vijana, nimewahi kuona mbuzi wakirudishwa kwa sababu ndoa imevunjika. Nimewaona wazee wakitukanana juu ya jike mmoja mgonjwa. Hayo yote yalikuwa na njia yake, ulijua umlilie nani na umdai nani. Hili la binti yangu halikuwa na njia. Hakuwa mke, kwa hiyo hakuwa mjane. Hakuachwa. Alikuwa mtu ambaye kitu kilimtokea, na hakuna aliyekuwa na jina la kumwita.

Miezi ikapita. Siku moja, mvua imekatika, nikaona mwanamke mzee anapanda njia yetu akivuta mbuzi. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Akauliza hapa ni kwa Papa Mbuzi. Alikuwa Mama Kahindo, shangazi wa Trésor, na mbuzi aliyemvuta ni yule aliyebaki.

Nilimwita Kasereka, kwa sababu jambo kama hili si la kupokea peke yangu. Alikuja, akakaa, akasikiliza. Mama Kahindo alisema kwamba yeye ndiye baba, na ndiye mjomba, na ndiye kaka wa Trésor, kwa kuwa wengine wako chini ya ardhi au wametawanyika. Alisema mtoto wao alikufa akileta mbuzi wa mahari, na hataki alale kaburini akiitwa mwizi wa binti ya watu.

Kasereka alinyanyuka, akamzunguka yule mbuzi. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea, "Ni moja tu. Mais ni ya kweli, na imeletwa na mukwe ya kweli. Kakule, angalia."

Nikainama. Nilishika kiwele, laini, chuchu zimelingana. Nilifungua mdomo nikatazama meno. Nikamtembeza kwenye mawe ya mlangoni. Alikuwa amezaa mara moja na kulea. Nilijaa furaha, mimi mzee mzima, kwa sababu mwisho binti yangu atakuwa mke wa mtu, mke wa marehemu lakini mke, na wale wamama watashuka kwenye viti vyao. Nikaishika kamba. Kavira alikuwa amesimama mlangoni, Neema mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona uso wake unafunguka.

Mama Kahindo akashukuru Mungu. Kisha akafungua mikono.

"Basi, sasa nitaenda na mutoto yetu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba maji. Alieleza kwamba nyumba yao imebaki na yeye tu, akifa imezimika, na Neema amebeba jina la mama yake Trésor. Atamlea vizuri, ana shamba, ana maziwa. Kasereka alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa hiyo ndiyo desturi yetu, mimi mwenyewe nimekula kwayo maisha yangu yote. Mbuzi akipokelewa, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Mbuzi asipopokelewa, mtoto ni wa kwa mama yake, kwa sababu mbele ya wazee hana baba. Nilikuwa nimeishika kamba na sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo.

"Kule kwenye batu banauawa?" Kavira akauliza.

"Mutoto yangu, mimi niko kule," Mama Kahindo akamjibu.

Kavira alikuja mpaka nilipo. Aliichukua kamba mkononi mwangu, nikaiacha. Akamwekea Mama Kahindo kiganjani, akavifunga vidole vya yule mzee juu yake.

"Mama, rudia na mbuzi yako," akasema. "Mimi hapana bibi ya Trésor."

"Mutoto, usiseme hivyo. Alikuwa nani kwako?"

"Mutu. Nilikuwa ninakaa naye tu."

Alilisema akimtazama usoni, bila kulia. Aliyelia ni Mama Kahindo, kisha Kasereka akafunika macho kwa kofia yake. Mimi nilikumbuka vile Kavira alivyomshika Trésor shati mbele yetu sote. Tulimpa mzee chakula, hakukigusa. Aliteremka njia na mbuzi wake, na mbuzi alikuwa anagoma kila hatua chache kwa sababu amechoka.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani wote watatu. Baada ya mahubiri mchungaji aliwaomba wajane wasimame waombewe. Siku hizi wakisimama ni kama nusu ya upande wa wanawake imesimama, wengine ni wasichana wadogo kabisa. Nilimtazama Kavira. Alimshusha Neema mgongoni, akamweka mapajani, akabaki ameketi.